Nguo za Sanamu Ndogo: Utatuzi wa Kasoro Zinazojirudia

Mwongozo huu unahusu nguo za kitambaa halisi zinazoshonwa kwa ajili ya sanamu ndogo za binadamu, hususan za skeli ya 1:6, ambazo mtu mzima hufikia kimo cha sentimita 30 hivi, na za skeli ya 1:12, ambazo ni nusu ya hapo. Mifano mingi imetolewa kwenye kanzu, kanga, kofia na shati, kwa kuwa ndizo nguo ambazo mshonaji wa kwetu huanza nazo. Matatizo yamepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi kimetangulizwa, na ukaguzi usiohitaji kufumua chochote umewekwa kabla ya matengenezo makubwa.

Kasoro nyingi zilizoelezwa hapa zina mzizi mmoja: sanamu imepunguzwa mara sita au kumi na mbili, lakini kitambaa hakikupunguzwa. Kitambaa cha shati chenye unene wa robo ya milimita, kikivalishwa sanamu ya 1:6, huonekana kana kwamba kina unene wa milimita moja na nusu, ambao ni unene wa koti zito; kwenye 1:12 huonekana kama milimita tatu. Kwa hiyo fanya jaribio dogo kabla ya kukata chochote. Kata mraba wa sentimita 10, uuweke juu ya kizibo cha chupa ya soda iliyosimama, kisha tazama pembe zake. Pembe zikilala karibu na chupa, kitambaa kinafaa. Zikibaki zimetanda kama mwavuli, hakuna ustadi wa kushona utakaokiokoa, na ni heri kubadilisha kitambaa sasa kuliko baada ya kazi ya jioni nzima.

Dalili: nguo imetanuka na haianguki mwilini

Hili ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila anayeanza. Kanzu inasimama yenyewe, kanga inajitenga na kiuno, na sanamu inaonekana imevalishwa karatasi.

Chanzo cha kawaida kabisa ni dondo. Kitambaa kipya hutoka kiwandani kikiwa kimetiwa wanga au dawa nyingine ya kukikaza, na kanga mpya ni mfano unaojulikana na kila nyumba. Loweka kitambaa katika maji ya vuguvugu yenye sabuni, kisugue, kisuuze mara kadhaa mpaka maji yatoke bila utelezi, kikaushe, kisha rudia jaribio la chupa. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Kanga iliyofuliwa kwa miaka, ambayo mwenye nayo ameanza kuitumia kama tambara, ni malighafi bora kuliko doti mpya ya dukani.

Kama dondo limetoka na pembe bado zimetanda, kitambaa chenyewe ni kizito. Kwa kanzu na shati tafuta melimeli, bafta nyepesi, au vitambaa vya mkononi vya pamba vilivyochakaa. Kwa buibui na magauni tafuta hariri nyembamba au bitana laini ya koti la suti. Poliesta nyembamba huanguka vizuri, lakini hung'aa kwa namna ambayo kamera huifichua mara moja, na haishiki mkunjo wa pasi kama pamba inavyoushika. Jinzi halisi na khaki nzito ziache kabisa. Suruali ya jinzi ya 1:6 hushonwa kwa pamba nyepesi ya buluu iliyokwanguliwa kidogo kwa msasa laini kwenye magoti na pindoni.

Chanzo cha tatu ni pindo. Pindo lililokunjwa mara mbili na kushonwa kwa mashine huweka tabaka tatu za kitambaa na mstari wa uzi chini ya nguo, na tabaka hizo hufanya pete ngumu inayoizuia nguo kuanguka. Fumua, kunja mara moja tu kwa upana wa milimita 3, na ulaze kwa gundi nyembamba ya kitambaa badala ya uzi. Kwa kanga hakuna haja ya kukunja kabisa: kata kwa unyoofu wa uzi na uzibe ukingo kama ilivyoelezwa katika dalili inayofuata.

Chanzo cha nne hakitazamwi sana, nacho ni mwelekeo wa nyuzi. Kitambaa hujikunja kwa urahisi zaidi kikikatwa kwa mshazari kuliko kikikatwa sambamba na mtande au mshindio, yaani nyuzi za urefu au za upana. Sketi na mabega ya gauni hunufaika na mkato wa mshazari. Kanzu na kanga hazinufaiki, kwa sababu kanzu huonekana kupinda ikikatwa hivyo, na kanga ni lazima pindo zake zifuate uzi.

Hayo yote yakiwa sawa na nguo bado inaonekana ngumu, funza kitambaa mikunjo kikiwa na maji. Funika mwili wa sanamu kwa nailoni nyembamba ya jikoni, ivalishe nguo iliyolowa, panga mikunjo kwa vidole na kijiti, funga uzi kiunoni au kwenye viwiko pale mkunjo unapotakiwa kubaki, kisha iache ikauke kabisa. Kwa sanamu itakayobaki na mkao mmoja daima, ongeza gundi nyeupe ya PVA ndani ya maji hayo, sehemu moja ya gundi kwa sehemu nne za maji, baada ya kuijaribu kwenye kipande, kwani gundi ikizidi huacha mng'ao. Anayetaka vazi lipeperuke kama kwa upepo wa kaskazi anaweza kupitisha waya mwembamba wa shaba ndani ya pindo. Anayetaka kulitia uzito atumie shanga ndogo za kioo, wala asitumie vipande vya risasi, ambayo ni sumu kwa anayeishika na hatari zaidi kwa mtoto atakayeitia mdomoni.

Onyo: usielekeze pasi ya mvuke kwenye nguo iliyo mwilini mwa sanamu. Mvuke una joto la kutosha kulainisha viungo vya plastiki, na mkono uliopinda kwa joto haurudi ulivyokuwa. Vua nguo kwanza.

Dalili: kingo zinafumuka

Katika nguo ya mtu mzima, mshono hubakiza sentimita moja au zaidi ya kitambaa ndani. Katika nguo ya 1:6 hubaki milimita 3, na nyuzi mbili tatu zikichomoka, mshono umekwisha. Angalia kwanza mkasi wako: mkasi butu hauzikati nyuzi bali huzitafuna, na ukingo uliotafunwa huanza kufumuka kabla hata hujashona. Angalia pia kama kitambaa kimefumwa kwa ulegevu. Ukikitazama dhidi ya dirisha na kuona matundu mengi kati ya nyuzi, kitafumuka daima.

Dawa ya kawaida ni kuziba kabla ya kukata, wala si baada yake. Chora umbo kwa penseli nyembamba, pitisha mara mbili au tatu gundi ya PVA iliyozimuliwa kwa maji juu ya mstari kwa brashi ndogo, subiri ikauke, ndipo ukate katikati ya mstari uliopakwa. Hapo ukingo hutoka mkavu na safi. Kwenye hariri jaribu kwanza kipande kilichobaki, kwa sababu gundi huweza kuacha alama ya giza isiyotoka. Poliesta huweza kuzibwa kwa kupitishwa haraka karibu na moto, lakini ukingo huwa mgumu na mweusi mkono ukisita hata kidogo. Binafsi siipendelei njia hiyo isipokuwa kwa mikanda na kamba.

Onyo lifuatalo lisomwe mara mbili. Usitumie supa gluu kwenye pamba wala sufu. Gundi hiyo ikilowesha nyuzi za pamba huganda kwa kasi na kutoa joto kali, kiasi cha kufuka moshi na kuunguza ngozi. Ikimwagikia nguo uliyoivaa au pamba unayoishika, mwagia maji mengi ya baridi papo hapo, usiivute kwa nguvu ngozi iliyoshikana, na uende kituo cha afya kama kuna jeraha la moto au kama imeingia jichoni.

Dalili: mishono ni minene na kola imevimba

Fundi mzoefu wa nguo za watu hupata shida hapa kuliko asiyejua kushona kabisa, kwa kuwa mkono wake umezoea kushona kila kitu kwa njia kamili: bitana, kaukau la kola (kitambaa cha ndani cha kuikaza), mifuko yenye mfuko wa ndani, ukanda wa tabaka mbili. Yote hayo yakiingia kwenye shati la sentimita 12, hutoka jaketi la kujiokolea majini.

Anza kwa kuhesabu tabaka. Bana mshono kwa vidole mahali palipovimba, kisha hesabu kitambaa kimepita mara ngapi; zaidi ya mara tatu ni nyingi. Punguza kitambaa cha ndani ya mshono mpaka milimita 2, baada ya kukiziba, na ukate vipembe vidogo kwenye sehemu zilizopinda kama kwapa na shingo. Ondoa bitana. Kola ikatwe kwa tabaka moja iliyokazwa kwa gundi nyembamba, na ikunjwe ingali na unyevu kidogo. Mfuko wa shati uwe kiraka kilichobandikwa, na mfuko wa suruali uwe mstari wa mkunjo tu.

Baada ya kushona, bana mshono kwa joto. Pasi ya kawaida ni kubwa mno kwa kazi hii. Pasi ya kunyooshea nywele, ile ya mabamba mawili, hubana pindo na mkono wa shati kwa usahihi usiopatikana kwa chombo kingine, mradi uanze kwa joto la chini na kuweka kitambaa cheupe katikati.

Vifungo navyo huongeza uvimbe. Kifungo cha shati cha milimita 11 kinapaswa kuwa takriban milimita 2 kwenye 1:6. Shanga bapa ndogo hufaa, na kwenye 1:12 tone la rangi nzito lililowekwa kwa ncha ya pini linatosha. Usijilazimishe kutoboa matundu ya vifungo. Mafundi wa mitindo wa Paris waliovalisha sanamu za waya kwa ajili ya maonyesho ya Théâtre de la Mode mwaka 1945 waliweka vifungo vinavyofunguka na mifuko ya kweli, lakini sanamu zao zilikuwa na kimo cha sentimita 70 hivi, na hapo uzi wa kawaida bado unakubali. Kwenye 1:6 nguo ifungwe mgongoni kwa vishikizo vidogo, na vifungo vya mbele viwe pambo.

Angalizo kuhusu sumaku ndogo, ambazo baadhi ya washonaji huzificha chini ya kitambaa ili nguo ifunguke kwa urahisi: zisitumike kabisa katika nyumba yenye watoto wadogo. Mtoto akimeza sumaku zaidi ya moja, huvutana ndani ya utumbo na kuutoboa. Usisubiri dalili, mpeleke hospitali mara moja.

Dalili: cherehani inameza kitambaa au inaruka mishono

Sababu ya kwanza ni sindano. Sindano namba 14 au 16 inayoshonea khaki na jinzi hukisukuma kitambaa chembamba ndani ya tundu badala ya kukitoboa. Weka sindano mpya namba 8 au 9, uzi mwembamba wa pamba au hariri, na urefu wa mshono wa milimita 1 hadi 1.5. Shika ncha za nyuzi zote mbili wakati wa kuanza, na zungusha gurudumu kwa mkono kwa mishono michache ya mwanzo.

Sababu ya pili ni tundu pana la kibati kilicho chini ya sindano, ambalo limetengenezwa kwa ajili ya mshono wa zigizaga. Kama mashine yako ina kibati cha tundu moja dogo, kifunge hicho. Kama haina, laza karatasi nyembamba chini ya kitambaa, shona vyote pamoja, kisha ichane karatasi polepole ukiwa umeushika mshono kwa kidole gumba.

Hata hivyo mashine haina faida kubwa katika kazi hii. Mshono wa milimita 2.5 wa shati la mtu ungepaswa kuwa chini ya nusu milimita kwenye 1:6, na hakuna cherehani ya nyumbani itakayoutoa. Mishono inayoonekana kwa nje ishonwe kwa mkono au ichorwe kwa kalamu ya ncha nyembamba. Mashine ibaki na mishono iliyofichika.

Kama umebadilisha sindano, umepitisha uzi upya juu na kwenye bobini, umesafisha vumbi chini ya meno, na mashine bado inaruka mishono au inagonga chuma, acha. Huenda sindano na ndoano ya chini hazikutani tena kwa wakati wake, na kuzirekebisha ni kazi ya fundi wa cherehani. Anayeifungua mwenyewe mashine ya umeme bila kuitoa kwenye soketi anahatarisha zaidi ya mashine.

Dalili: nakshi na maandishi ya kanga ni makubwa mno

Hapa chanzo ni kimoja: kimetumika kitambaa kilichochapwa kwa ajili ya watu. Kanga ya takriban sentimita 150 kwa 110 inapaswa kuwa sentimita 25 kwa 18 kwenye 1:6, na ndani ya eneo hilo zienee pindo za pande nne, mji (sehemu ya katikati), na jina lake, yaani maandishi, chini ya mji. Kipande kilichokatwa kwenye kanga ya kweli kitatoa ua moja na nusu ya herufi. Suluhisho la haraka ni kutafuta vitambaa vya vidoto au maua madogo sana, na kukubali kwamba umeshona kitenge cha kubuni.

Suluhisho kamili ni kuchapa. Piga picha ya kanga iliyotandazwa na kunyooshwa, ukiwa umesimama katikati yake ili pembe zisipinde, ipunguze kwenye kompyuta mpaka ifikie kipimo, kisha ichapwe kwenye pamba nyeupe nyembamba iliyobandikwa juu ya karatasi ngumu kwa gundi ya kijiti inayotoka kwa maji. Kingo zote zishikane vizuri, hasa ule unaotangulia kuingia. Kabla ya kuchapa, soma jina kwa sauti. Kama herufi za kanga yenyewe zina urefu wa sentimita 3, hapa zitakuwa milimita 5, zinasomeka. Kwenye 1:12 zitakuwa milimita 2.5, na nyuzi za kitambaa zitaanza kuzivuruga, hivyo ni afadhali kuzinenepesha kidogo kuliko kuzipunguza kwa uaminifu.

Tumia mashine ya wino wa majimaji pekee. Mashine ya leza huyeyusha unga wa wino kwa joto kali, na karatasi yenye utando wa plastiki au gundi ikiingia humo huyeyuka kwenye rola. Kitambaa kikikwama, zima mashine na usivute kwa nguvu. Kama kipande kimebaki ndani, fundi wa mashine za ofisi aitwe.

Wengine hubandika picha kwa karatasi ya kuhamishia inayopigwa pasi, ile ya fulana. Inafaa kwa mgongo wa jezi ya mpira. Kwa kanga haifai, kwa sababu huacha utando wa mpira usiojikunja, na umerudi kwenye dalili ya kwanza.

Jambo linalofanana na hili huwapata wanaoshona kofia ya viua. Kichwa cha mzingo wa sentimita 57 hutoa kofia ya sentimita 9.5, na matundu yake hayawezi kutariziwa kwa ukubwa wa kweli. Toboa kwa sindano nyembamba kitambaa kilichokazwa kwa gundi, bila uzi wowote, na upange matundu kwa kufuata nakshi iliyochorwa upande wa ndani. Kivuli cha tundu hufanya kazi ya uzi.

Dalili: nguo haivaliki au mkono haushuki

Kabla ya kulaumu vipimo, funga kiganja cha sanamu kwa kipande cha mfuko wa nailoni ili vidole visikwaruze kitambaa, kisha jaribu tena. Viganja vya sanamu nyingi za 1:6 huchomoka, na kuvichomoa huokoa mikono ya shati. Ikishindikana, fungua mshono wa mgongo mzima. Mkono unaobaki umeinuka kwa kawaida umezuiwa na kitambaa kilichozidi kwapani. Kipunguze kabla ya kupanua tundu la mkono.

Dalili: rangi ya nguo imehamia mwilini

Nguo nyeusi, nyekundu na za buluu iliyokoza ndizo zenye hatia mara nyingi. Plastiki laini ya PVC hufyonza rangi, na joto na unyevunyevu huharakisha jambo hilo. Kabati lililofungwa katika mji wa pwani ni mahali pabaya pa kumweka mwanasesere aliyevaa buibui.

Ukaguzi ni mwepesi: kandamiza kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya nguo kwa pasi ya vuguvugu kwa sekunde kumi. Kikitoka na rangi, nguo ifuliwe mpaka isitoe tena. Wengi hushauri chumvi na siki, lakini siki husaidia aina fulani za rangi kushika kwenye sufu na hariri wakati wa kutia rangi. Kwenye pamba ambayo imekwisha kutiwa rangi haifungi kitu. Kinga ya kweli ni fulana nyeupe ya ndani au nailoni nyembamba kati ya nguo na mwili, na kuivua nguo sanamu inapohifadhiwa.

Doa likiwa limeshaingia, krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi ya asilimia 10 huweza kulififisha. Ipakwe juu ya doa pekee, ifunikwe kwa nailoni na kuwekwa mahali penye mwanga kwa siku kadhaa, ikikaguliwa kila siku. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, vaa glavu, na uiepushe na nguo, nywele na uso uliochorwa, kwani huchujusha rangi. Usitumie asetoni, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kuondolea rangi ya kucha. Huyeyusha plastiki nyingi. Kama doa liko usoni, au sanamu ni ya thamani, acha na umtafute mtu anayefanya kazi ya kutengeneza wanasesere.

Dalili: ngozi bandia inamenyuka

Utando wa poliyurethani huvunjwa na unyevu wa hewa hata bila kuguswa, na hakuna dawa ya kuurudisha. Mafuta na gundi huchelewesha aibu tu. Shona upya kwa ngozi halisi ya mbuzi kutoka glavu kuukuu, na mwombe fundi viatu aipunguze unene kwa kisu chake. Ukiifanya mwenyewe bila uzoefu utatoboa ngozi au kidole.

Dalili: kitambaa cha zamani kinachanika chenyewe

Wapo wanaorithi au kununua mwanasesere mkongwe na kukuta hariri yake imepasuka kwa mistari ya wima, bila mtu kuivuta. Hariri nyingi za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ziliongezwa uzito kiwandani kwa chumvi za metali, hasa za bati, na chumvi hizo huzila nyuzi kadiri miaka inavyopita. Hapa usifue, usipige pasi, usipake gundi, wala usijaribu kushona, kwa sababu kila tundu la sindano huwa mwanzo wa mpasuko mpya. Ilaze sanamu chali, ifunike kwa karatasi laini isiyo na asidi, iweke mbali na jua, na upige picha za hali yake kabla ya kuwasiliana na mhifadhi wa nguo wa makumbusho. Ukitaka sanamu hiyo ionekane imevaa, mshonee nguo mpya kwa kupima mwili wenyewe, wala usilaze paterni juu ya nguo ya zamani.